Uso wa Saa Niliouamuru Ung'ae

Mama hakunituma mengi, alitaka mshale wa dakika tu. Saa yetu ndefu ya Kimarekani, inayonipita kimo, imesimama ukumbini kwetu Zanzibar tangu enzi za wafanyabiashara wale wale walioleta nguo ya merikani. Marehemu baba alikuwa fundi saa, na yeye ndiye aliyeihudumia mpaka mwisho wa uhai wake. Mshale ulipovunjika, nami nakwenda Guangzhou, China, kununua nguo za biashara, niliufungua uso wa saa, wa bati, nikauviringisha kwenye taulo.

"Mshale tu, Saidi," mama alinisisitizia mlangoni. "Kwingine usiguse."

Siku ya pili Guangzhou nilipanda ghorofa la Tianxiu Dasha kwa Mwanakheri, Mzanzibari mwenzangu anayetusafirishia mizigo. Akanipeleka kwa fundi mzee aliyemwita Laoban, yaani bosi, kama wanavyoitwa wenye maduka wote kule. Mzee akaupima uso, akasema mshale atauchonga kwa siku mbili. Ningeshukuru nikaenda zangu! Lakini nikaiona ile rangi iliyobabuka, nikaona haya.

"Mwambie aupake upya wote."

"Kaka, si umesema mama anataka mshale?"

"Mama atafurahi. We mwambie tu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilikuwa soko la nguo la Shahe nasukumana na watu kwenye marobota ya suruali, simu ikalia.

"Laoban anauliza," alisema Mwanakheri, "nyuma ya bati pana maandishi ya penseli, herufi za Kiarabu. Ayaache?"

Niliyaona nilipokuwa nafungasha. Sikuvaa hata miwani, nikadhani ni hesabu za mafundi.

"Afute! Nataka ung'ae mbele na nyuma."

"Una hakika?"

"Mwanakheri, nakanyagwa hapa!" Nikakata simu.

Siku ya nne nikaufuata. Uling'aa kama sinia la harusi, ila Laoban hakutabasamu. Mwanakheri akanitafsiria: wanaothamini saa za namna hii huugeuza uso kwanza, wasome mafundi wa zamani waliandika nini. Bila maandishi hayo na rangi yake ya asili, thamani huporomoka.

"Kwani nani anauza?" nikajibu, nikacheka.

Marobota yakaenda bandari ya Huangpu kupakiwa melini. Uso wa saa niliupakata mwenyewe kwenye ndege.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama akausifu mshale, kisha akaugeuza uso. Akapitisha vidole kwenye bati, polepole.

"Yako wapi?"

"Yapi, mama?"

"Baba yako kila akiisafisha aliandika hapa. Siku tuliyooana aliandika. Ulipozaliwa aliandika jina lako kabla hata mimi hajanambia."

Nikampigia Mwanakheri, huenda fundi alipiga picha. Hakupiga.

Ee Mola, ujuaji wangu huu! Herufi zile nilizisoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Dakika mbili na miwani zingenitosha kumsoma baba. Safari ile ilinifunza kuuliza kabla ya kufuta, lakini nilijifunza nikiwa nimeshafuta.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliingia chumbani, akarudi na penseli.

"Basi andika wewe. Jina lake."

Nikaandika. Rangi mpya ilikuwa laini kama kioo, penseli ikateleza, haikuacha alama.