Mkono wa Kushikwa

Asubuhi ile, mtaani Dilala, nilifunga godoro kwa kamba, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikatoka bila kujua naenda wapi. Aliniaga kwa kidevu, simu sikioni. Barabarani nikakumbuka kwamba tangu mwenzangu niliyechimba naye madini arudi kwao Kasai, hakuna aliyenishika mkono.

Shule niliiacha mapema, lakini maneno nayaokota popote. Dereva wa lori aliyenibeba, Mtanzania, alikijua Kiingereza cha mipakani, nami nikamsumbua kwa maswali.

"Kiingereza kimejaa mikono," akasema. "Mwingereza akikuomba mkono, anataka umsaidie kubeba mzigo. Akimwomba mzee mkono wa binti yake, hiyo harusi."

"Sisi tunapeana mukono ku kilio," nikasema. "Na mwizi, mukono yake ni mulefu."

"Na bahili ana mkono wa birika!" Akapiga usukani kwa kicheko. "Wewe je, una mkono gani?"

Nikatazama viganja vyangu, vyekundu kwa udongo wa shimoni.

Alinishusha njiapanda ya Tenke. Nilinyoosha mkono kumuaga, lakini malori ya nyuma yalipiga honi. Akapandisha kioo, akaenda.

Nikatembea na godoro kichwani. Nyumba ya kwanza nilipobisha, walinijibu kupitia upenyo wa mlango: "Hapana, tata. Hatutake bachimbaji."

Karibu na reli nikamkuta mama mmoja mzee nje, anasonga bukari, yaani ugali. Kwetu, mwenye mkono mchafu hatoi kiganja. Anatoa kifundo cha mkono, mwenzake akishike. Nikamsogezea kifundo changu. Naye, kwa kuwa viganja vyake vilijaa unga, alikwisha kunisogezea chake. Vifundo vikagongana hewani, hakuna wa kushika.

Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. "Sasa nani atashika mwenzake, tata?"

"Mi nilitangulia, mama."

"Mutu wa bishi!" Akajifuta unga kwenye kitenge, akakikamata kifundo changu kwa nguvu. "Unatafuta nini na ile godoro?"

"Chumba."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Hakukiachia kifundo. "Chumba iko. Lakini mvua ikinyesha, inavuja."

Akanivuta hivyohivyo, unga na udongo pamoja, hadi mlangoni. Aliponiuliza kama chumba kinanifaa, nilisema ndiyo kabla sijakitazama.