Nilimpa mama anitunzie boksi la ndege iliyofutwa. Nilichokikuta jikoni kwake Mgwashi sijakizoea mpaka leo

Wakuu, nawasalimu kutoka Lushoto, huku ambako asubuhi hii ukungu umekaa mpaka kwenye kizingiti cha duka langu.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Sijasimuliwa na mtu, sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga, ningetunga kitu ambacho mwisho wake mimi natoka shujaa. Hapa sitoki shujaa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi simu na printa hapa mjini. Nina mke, nina watoto, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshauombea mpaka amechoka. Nakusanya model kits za zamani, yaani zile ndege za plastiki zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi, unaunganisha mwenyewe kwa gundi.

Siyo ndege zote. Moja tu.

Zamani, kabla wengi wetu humu hatujazaliwa, Wamarekani walitaka kutengeneza ndege kubwa ya abiria inayokimbia kuliko sauti. Wakachora, wakatangaza, mashirika yakaanza kuweka oda. Viwanda vya model kits navyo havikusubiri, vikatoa ndege hiyo ya plastiki ikiwa na boksi zuri na picha yake ikipasua mawingu. Halafu serikali yao ikakata fedha na mradi ukafutwa. Ndege haikuwahi kuruka hata siku moja. Vikabaki vile vya plastiki tu.

(Wajuaji msianze. Ile ya Ulaya iliyoruka kweli naifahamu. Siyo hiyo.)

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa kijana. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa anafungasha kurudi kwao, akatuita vijana tuchukue vitu asivyovihitaji. Wenzangu wakagombania sufuria na mablanketi. Mimi nikaondoka na boksi lenye ndege ya pua ndefu. Nyumbani nilichekwa wiki nzima.

Tangu hapo nimezitafuta mtandaoni, kwa wazee wa Tanga, kwa watu wa Nairobi, popote. Nikapata toleo moja baada ya jingine. Iliyokuwa inanitesa ni ile ya mwanzo kabisa, yenye mabawa yanayofunguka na kujikunja. Baadaye wahandisi waliyaacha yale mabawa, kwa hiyo kit hiyo ni adimu. Na mimi niliitaka sealed, nailoni yake haijawahi kuchanwa.

Niliipata kwa mzee mmoja wa Tanga, fundi mstaafu wa ndege, kwa kumbadilishia kit zangu mbili nzuri. Siku hiyo nilipanda mlima kutoka Mombo nimeipakata kama mtoto mchanga.

Sasa njooni kwenye tatizo la Lushoto. Unyevu.

Mwenye kuishi huku ananielewa. Ukiacha viatu chini ya kitanda, ukivikumbuka vimeota ndevu. Chumba nilichopanga kipo upande usioona jua, na mvua za vuli zilipoanza nikaona pembe ya boksi ina vidoa vya kijani. Nililifuta, vikarudi. Usingizi ukanikimbia.

Nikamkumbuka mama.

Mama anaishi Mgwashi, kule upande wa Bumbuli, peke yake tangu baba afariki. Nyumba yake ni kavu, na ana sanduku la mbao anamoweka vitenge vyake. Nikawaza, humo boksi litapumzika mpaka nipate kabati la kioo.

Nikalifunga kwenye mfuko, nikalipeleka. Baada ya shikamoo na chai, nikamkabidhi kwa mikono miwili na nikamwambia maneno ambayo naomba myasome vizuri, maana kesi yote iko hapo.

Nilimwambia, "Mama, hiki kisishikwe na unyevu, wala panya asikifikie. Hakuna kitu cha thamani kama hiki humu ndani. Kikiharibika sipati kingine."

Mama alilishika, akaliangalia, akaniambia, "Nimekuelewa. Nenda kwa amani."

Sikutaja sanduku. Niliona liko wazi kabisa, kitu cha thamani kinakaa sandukuni, si ndiyo? Nikashuka zangu.

Masika ikapita. Kila nikimpigia simu namuuliza habari za afya, halafu habari za boksi. Alikuwa ananijibu lipo, kavu, hakuna panya. Nalala vizuri.

Fundi seremala alipomaliza kabati langu la kioo, nikafunga duka siku moja nikaenda kulichukua. Nilipanga jioni hiyo hiyo nipige picha ya matoleo yote yakiwa pamoja, niwarushie watu wa group letu la kimataifa wapaliwe na mate.

Nilipofika nilipita shambani kwanza. Nikakuta mahindi ya mama yamesimama marefu, yamelingana kama wanafunzi mstarini. Siyo kawaida yake, miaka yote mahindi ya mama ni mafupi na kila moja lina tabia yake. Nilipomkuta mama nyumbani nikampongeza kwamba hatimaye amekubali mbegu za dukani. Mama alicheka kidogo, akanikaribisha jikoni.

Nikamwambia nimekuja kuchukua mzigo wangu.

Badala ya kuelekea chumbani, mama akasogeza kigoda, akapanda, akanyoosha mikono juu ya mafiga.

Wakuu, nilipigwa na butwaa kabla hata sijaelewa nimeona nini.

Niwaeleze wa mijini. Jiko la nyumbani kwetu linawaka kuni, na juu ya mafiga kuna uchaga, jukwaa la fito. Moshi na joto vinapita hapo kila siku, asubuhi na jioni. Kitu kikikaa pale hakishikwi na unyevu, hakiliwi na wadudu, na panya hapasogelei. Ndiyo maana pale panawekwa mbegu. Mbegu tu. Hata pesa mama haweki pale.

Boksi langu lilikuwa pale. Tangu vuli.

Lilikuwa limekuwa la kahawia iliyokolea, limepakwa masizi mpaka ile picha ya mawingu huioni. Nailoni ilikuwa imejikunyata na kugandana na karatasi. Mama alinikabidhi kwa mikono miwili, kama nilivyomkabidhi mimi. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Akasema, "Panya hakuligusa."

Nilisema asante.

Nikatoka mpaka nyuma ya nyumba, migombani, nikafungua. Kit ambayo haikufunguliwa maisha yake yote niliifungua mimi, nimechuchumaa kwenye majani makavu. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimepinda. Yale mabawa yaliyonisumbua miaka yote hiyo yalikuwa yamejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Nembo za kubandika zilikuwa vumbi.

Nililia, na sioni aibu kuandika. Mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikuwa na hasira pia, niseme ukweli. Nikajiuliza mama amewezaje. Plastiki juu ya moto! Nilikuwa najiandaa kurudi ndani nimwambie, kwa heshima, lakini nimwambie.

Hapo ndipo akapita jirani yetu, Mama Singano, amebeba majani ya ng'ombe. Akanisalimia, akaona nilichoshika. Akasimama.

Akaniuliza kama ndicho chenyewe. Nikamwambia ndicho. Akatikisa kichwa, akasema taratibu kwamba yeye alimsihi sana mama asifanye vile, lakini mama alikataa kusikia, alisema mwanangu kasema hakuna kitu cha thamani kama hiki humu ndani.

Nikamuuliza, asifanye nini?

Akaniangalia kama vile nimeuliza jua linatokea wapi. Akasema, asiiteremshe mbegu.

Wakuu, ile ya boksi ilikuwa mshtuko wa kawaida. Huu ulikuwa mwingine kabisa.

Alinisimulia yote pale pale migombani, kisha nikarudi ndani nikaangalia juu. Uchaga ulikuwa mtupu. Yale mahindi ya mbegu niliyokulia chini yake hayakuwepo.

Uchaga wa mama ni mdogo na boksi ni refu. Mama hakutaka mahindi yalilalie boksi likabonyea. Kwa hiyo aliyateremsha yote, akayatia kwenye kiroba, akayaweka chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma mvua ikiwa kubwa kinavuja. Wakati wa kupanda masika akakuta nusu imeota ukungu na nusu imeliwa na fukusi, wale wadudu wa nafaka, imebaki unga. Alichagua punje alizoweza, akazifukia. Hazikuota. Ndipo akanunua za dukani, zile nilizompongeza.

Na hakuniambia. Kila nilipopiga simu kuuliza habari za boksi, alinijibu habari za boksi.

Ile mbegu haikuwa mbegu tu. Siku mama anaolewa, bibi alimfungia mahindi kwenye pindo la kanga, akaja nayo Mgwashi. Bibi naye alipewa na mama yake. Mama aliipanda kwenye bonde lake peke yake, mbali na mashamba ya wengine, isichanganyike. Sisi wote tumekua nayo. Majirani waliacha zamani wakaenda kwenye za dukani kwa sababu zinazaa sana. Mama akabaki mwenyewe.

Nilikaa chini karibu na mafiga. Nikamwambia nimejua habari ya mbegu, na nikamwomba anisamehe.

Mama akasukuma kuni ndani. Akasema si neno, nilimwagiza na yeye ametimiza. Halafu akauliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza tangu nianze huu ugonjwa wangu.

"Hiyo ndege, ilikuwa inakwenda wapi?"

Nikamwambia haikuwahi kwenda popote. Waliichora, wakatengeneza sanamu yake ya kuonyesha watu, kisha wakaacha. Hakuna mtu aliyewahi kusafiri nayo.

Akaupuliza moto. Nilidhani hajanielewa.

"Kwa hiyo unaitunza kwa sababu haipo."

"Ndiyo, mama."

"Basi hata ile yangu sasa ni hivyo hivyo."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinua uso.

Kesho yake wakati wa kuondoka, nilikuta amelipangusa boksi masizi kwa kitambaa chenye maji, kila pembe, amelifunga upya kwenye mfuko na kamba ya mgomba. Akaniambia nilipakate vizuri kwenye gari, lisibanwe.

Kabati la kioo liko dukani. Picha sikupiga. Watu wa group wananiuliza, sijawajibu.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Ukimpa mtu kitu chako akutunzie, usimwambie tu kwamba ni cha thamani. Mwambie kinakaa wapi na kinaogopa nini. Na kabla hujamwambia mzazi wako kwamba hakuna kitu cha thamani nyumbani kwake kama cha kwako, muulize kwanza pale juu ana nini. Mimi sikuuliza. Nimeishi ndani ya ile nyumba miaka yote ya utoto wangu na sikuuliza.

Kit yangu ilitoka kiwandani na wenzake wengi sana. Nikikaa mtandaoni miaka mingine, itajitokeza nyingine. Ya mama haikutoka kiwandani.

Nimeshazunguka. Nimeenda kwa mama mdogo Bumbuli, aliacha kuipanda zamani. Nimeuliza sokoni Lushoto, nimeteremka mpaka Muheza, wananionyesha mahindi mengine.

Kwa hiyo uzi huu sijauleta mnipe pole tu, japo pole nazipokea. Natafuta. Mahindi mafupi, yanachelewa kukomaa. Gunzi jembamba, jekundu ukishapukuchua. Punje nyeupe, ndogo, ngumu, na hapa na pale punje moja ya zambarau. Ukichoma yananukia mpaka kwa jirani.

Kama bibi yako, shangazi yako au mama mkwe wako popote Usambara bado ana kitu kama hicho juu ya mafiga yake, tafadhali niandikie hapa chini. Sihitaji debe. Hindi moja linatosha, na kwa hindi hilo unachagua ndege yoyote kabatini kwangu, hata zote.

Wenye kucheka wacheke, wenye kunisema waniseme, nitasoma kila comment. Ila mwenye mbegu aandike mapema, mama ameshaanza kulima lile bonde na hajaniambia anataka kupanda nini.