Spika Iliyosifiwa Ikiwa Nusu Bubu

Saa tatu asubuhi, katika uchochoro wa maduka ya redio mjini Daegu, Korea Kusini, Pyo Gil-nam amepiga magoti mbele ya spika kubwa kama mtu anayeiomba msamaha. Ameifungua mgongo na kutoa kibao chenye nyaya na kapasita, vile vidude vya kutunza umeme; ndicho kinachogawa muziki: besi iende spika kubwa ya chini, sauti kali iende ndogo ya juu.

"Hii ndiyo roho yake," anasema, akikipuliza vumbi. "Watu wananiletea spika nzima, wanataka niibadilishe roho."

Pyo ana miaka sitini na nne. Karibu nusu ya mapato yake yalitoka kwa wanaume wanaoamini kwamba kapasita ghali huleta sauti tamu. Naye aliamini hivyo hivyo, mpaka majira ya machipuko mwaka huu.

Siku hiyo Tak Bong-su, mwenye mgahawa wa supu ya nguruwe, alifika kuangalia spika zake. Moja ilikuwa imeshawekewa kapasita mpya, nyingine bado. Wakapiga wimbo mmoja kwenye zote mbili, kwa zamu.

"Bosi, hii mpya ni hariri," alisema Tak, amefumba macho.

"Laini," Pyo akaafiki. "Haina ukali hata kidogo."

Nyuma ya pazia mke wa Pyo, Eom Sun-rye, alikuwa akimenya vitunguu saumu vya kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili.

"Baba Hye-rin," aliita, "hiyo spika ndogo ya juu mbona hailii?"

"Wewe menya vitunguu."

"Namenya. Lakini hailii."

Pyo akaifungua ile yenye kapasita mpya. Waya wa spika ndogo ulikuwa unaning'inia; alikuwa amesahau kuuchomelea.

Tak alicheka hadi akakaa sakafuni. Pyo hakucheka. "Nilijiuliza, nimewauzia watu nini miaka yote hii?" anasema.

Akaunganisha waya, akamfanya mkewe hakimu, asiambiwe ipi ni ipi. Wakajaribu wiki nzima. Kapasita iliyokauka ilipobadilishwa, Sun-rye alitambua kila mara. Iliyokuwa nzima ilipobadilishwa kwa ya ghali, alibahatisha tu, na wanaume wawili wakabahatisha vibaya zaidi.

Sasa Pyo huipima kapasita kwanza. "Ikiwa imekufa nabadilisha, na utasikia. Ikiwa nzima, nakwambia rudi nayo nyumbani." Mapato yamepungua. Tak huja kila Jumatatu, mgahawa ukiwa umefungwa, na sufuria ya supu, kubishana na hakimu.

"Shemeji, ile ya ghali ilikuwa tamu, kubali tu."

"Ilikuwa ile ile. Kula, inapoa."

Daktari amemwambia Pyo kwamba masikio yake hayapokei tena sauti kali. Anapanga kununua kifaa cha kumsaidia kusikia kabla ya baridi kuingia, amsikie mjukuu wake akipiga filimbi.

"Ila sitakivaa hivi hivi," anasema, akiinamia kibao chake. "Nitakifungua kwanza, nione humo ndani wameweka nini."

"Kifungue," Sun-rye anajibu nyuma ya pazia, "halafu ulale humo humo dukani."