Mama Alipofunguliwa Jicho

Mama alipohamia kwangu Gongo la Mboto akitokea Newala, sikujua kwamba macho yake yamekwisha. Mwenyewe alificha. Akipapasa ukuta alisema anatazama kama plasta imekauka, na nikimpa sindano anishonee kifungo alinirudishia: "Shona mwenyewe, usizoee kutuma wakubwa." Mie nilikuwa mtu wa kutoka asubuhi kwenda kwenye meza yangu ya vitenge Buguruni na kurudi jioni, kwa hiyo aliweza kunizungusha kwa muda mrefu.

Kilichomuumbua ni kanzu. Ijumaa moja ya sikukuu sikutoka, nikafua kanzu ya mume wangu nikaianika uani. Mama alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyuma. Upepo ulipoijaza ile kanzu, mama akasema kwa adabu zote, "Karibu baba, mbona umesimama juani?"

Kanzu ikayumba.

"Pita tu, baba. Mwenye nyumba yupo."

Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Mbeya, alikuwa anaosha vyombo upande wa pili wa uzio. Akanitazama, nami nikamtazama. Tulitaka kucheka, mwalimu akarudisha macho kwenye vyombo.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mgeni."

"Hiyo ni kanzu, mama. Nimeianika mwenyewe."

Akainua uso kuelekea kwenye kamba. Kisha akacheka, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Ndiyo maana hajui kuitikia!" Lakini alipomaliza kucheka alijifuta machozi kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe, nikajua hapo kwamba ameogopa.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanaweza kufanyiwa upasuaji, moja kwanza. Mama akakataa. "Jicho kaliweka Mungu. Leo mtu aende kulichokonoa?"

Nilibembeleza nikachoka. Aliyemweza ni mwalimu. Alikuja jioni moja, akapiga goti, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akakaa kwenye mkeka.

"Mama," akamwambia, "huyo daktari, mikono yake kaiweka nani?"

"Wewe mwalimu una maneno," mama akasema. Kesho yake akaniuliza kama hospitali wanaruhusu mtu kwenda na mto wake.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Daktari alikuwa kijana, mpole. Akaondoa pamba taratibu, akamwambia mama afumbue jicho polepole. Mama akafumbua, akamtazama.

"Hee! Kumbe mtoto hivi? Ningekuona jana nisingekubali!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, na daktari mwenyewe akacheka. Halafu mama akanigeukia. Alinishika kidevu, akanisogeza dirishani kwenye mwanga kama mtu anayekagua kitambaa.

"Mwanangu, una mvi."

"Ninazo, mama."

"Zimekupendeza," akasema, akizipitishia kidole.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji, mama amevaa miwani myeusi waliyompa. Maagizo yalikuwa yameeleweka: asiiname, asiingize maji kwenye jicho, asikae kwenye vumbi, apumzike. Nilikuwa nimemtandikia kitanda. Hakukitazama. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kiuwanja chetu chenye mpapai, matuta ya mchicha, mstafeli na migomba inayokunywa maji ya kuoshea vyombo. Mahali ambapo mie hupita mbio kwenda kuanua nguo.

Akasimama chini ya mpapai. Akalivuta jani moja, akalifuata kwa kidole, mshipa baada ya mshipa, mpaka kwenye ncha.

"Nilisahau kama majani yana mistari," akasema. "Nilikuwa naona ukijani tu, kama nguo iliyochujuka. Subhanallah. Tazama ilivyopangwa."

"Naiona, mama. Twende ukapumzike."

"Huioni. Njoo karibu."

Nikasogea. Chini ya miguu yetu sisimizi walikuwa wanapita kwenye mstari, wamebeba punje ya wali. Mama akataka kuinama, nikamdaka.

"Daktari amekataza!"

"Basi inama wewe, uniambie."

Hivyo nikachuchumaa na dera langu la kutokea, mie mtu mzima, nikaanza kumsimulia sisimizi. Nikimwambia wanaenda tu, haridhiki. Waliobeba ni wangapi? Yule wa mbele anavuta au anasukuma? Wakikutana na jani wanafanyaje? Nilijikuta nimesahau kwamba nina haraka. Walipofika kwenye ufa wa msingi wa nyumba, ile punje ikagoma kuingia, wakaigeuza, wakaigeuza tena, ikapita. Nikapiga makofi. Mama naye akapiga.

Kuanzia siku ile kigoda chake kilihamia karibu na migomba. Huko akamgundua chozi, kale kandege kadogo kenye mdomo uliopinda, kanakokuja kunyonya utamu kwenye ua la mgomba. Shingoni kaling'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Mama alimwita mwalimu, mwalimu akaja mbio na mikono ina povu la sabuni, wote wawili wakasimama kimya pale mpaka kandege kaliporuka.

"Bwana asifiwe," mwalimu akasema.

"Alhamdulillahi," mama akasema. Kisha akaongeza, "Lakini mgomba ni wetu."

Mvua za kwanza zilipokuja zilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka. Mara ardhi ya uwanja ikaanza kutoa kumbikumbi. Walitoka kwenye vitundu ambavyo hatukuwahi kuviona, wakipanda hewani na mabawa yao yanametameta, mpaka uwanja wote ukawa unacheza. Kuku walichanganyikiwa kwa furaha. Mbayuwayu wakashuka kutoka juu, mjusi akatoka ukutani, na mwalimu akatokea na beseni la maji la kuwanasia, maana kwao Mbeya kumbikumbi ni mboga. Mama alikuwa amesimama katikati, mikono ameinyoosha, kumbikumbi wanamtua kwenye khanga.

"Hawa wote walikuwa chini yetu!" akaniita. "Nani kawaambia kwamba mvua imenyesha? Na tazama, kila mdomo umepata!"

Siku hiyo meza yangu Buguruni ilifunguliwa saa za mchana, na sikujutia.

Jicho la pili lilifuata, nalo likaja vizuri. Sasa mama anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, na ananisema kwa kila kona ambayo sijafagia. Jumapili sitoki. Nachukua kigoda changu, nakiweka kando ya chake, tunakunywa chai huku anatazama na mie najifunza kutazama. Jumapili iliyopita aliniambia kuna kinyonga kwenye mstafeli. Nilitafuta tawi kwa tawi mpaka chai ikapoa, nikamwomba aninyooshee kidole.

Akakataa. "Tafuta," akasema, akimimina chai nyingine. "Yupo."