Kofia Chini ya Kamera

Kwetu nimejulikana tangu utotoni kuwa mtu wa kutia ila. Nikipewa pilau nitauliza ni nani aliyesahau bizari. Harusini shangazi zangu walikuwa wakinikalisha mbali na mama wa bibi harusi, na haikuwa kwa bahati. Kwa hiyo siku niliyomweleza kaka yangu kwamba duka moja la mtandaoni la Nairobi linatafuta watu wa kupelekewa vifaa vya kompyuta bure, wavitumie, kisha waandike uzuri wake na ubovu wake, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema Mungu hamtupi mja wake, mdomo wangu umepata kazi.

Mimi sikuwa natania. Nina chumba cha chini ya nyumba yetu, kwenye kichochoro kinachoteremkia sokoni, ambapo nachapa barua za watu na kubuni kadi za harusi. Kompyuta yangu ilikuwa imechoka kila kiungo. Duka lilitaka mfano wa maandishi, nikawapelekea malalamiko yangu juu ya kipanya nilichokuwa nimekinunua kwao mwaka uliopita. Nilieleza jinsi kilivyokuwa kikirukaruka juu ya meza, na jinsi skrubu zake zilivyoshika kutu kabla sijakizoea. Nilidhani watakasirika. Badala yake, binti aliyekuwa akisimamia mpango huo alinipigia simu.

"Wewe ndiye tunataka," alisema, kwa Kiswahili chake cha bara. "Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa, madam. Ukisifu tu, watu watanunua halafu warudishe, na hasara ni yetu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi kwa hilo.

Mzigo wa kwanza ulikuja kwa basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti hadi kisiwani kwetu Lamu, ukafika nyumbani kona moja ya boksi imelowa. Ilikuwa kibodi. Mama yangu, ambaye ndiye ninayeishi naye, aliishika kila pembe, akauliza imetoka kwa nani, kisha akauliza tutarudisha nini. Kwake yeye chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mkate wa mofa kwenye sahani, sahani inarudi na chochote, hata ndizi mbili. Alikwisha kuamua kwamba boksi lirudi Nairobi na chupa ya achari. Nilimweleza kwamba hawa wanarudishiwa maneno tu. Aliona ni ajabu, lakini akakubali, mradi maneno yenyewe yawe mazuri na yaanze na mashaallah.

Mashaallah niliiweka. Baada yake nikaandika kwamba herufi zinafutika upesi, kwamba kitufe cha nafasi kinanata hewa ya bahari ikiingia, na kwamba aliyeiunda hajawahi kuishi mahali ambapo hata kijiko hushika kutu kabatini. Nilitoa nyota tatu. Jioni nilimsomea mama, kwa kujisifu kidogo, nikitarajia acheke. Hakucheka.

"Mtu akupe kitu, kisa wewe ukamtie ila mbee za watu?" aliuliza.

Nilimwambia mwenyewe ndiye aliyetaka. Akasema hata akitaka. Alisema mtu husitiriwa, na kwamba yeye hakunifunda hivyo. Alikuwa amenikasirikia kweli, kwa sababu kwa mama yangu kusitiri si adabu ya mezani, ni dini.

Sasa niseme habari ya macho yake, maana ndiyo iliyokuwa ikituumiza nyumbani wakati ule. Mama ni mshona kofia tangu msichana. Anashona zile za viua, vile vitundu vidogo vinavyotobolewa kitambaani na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, mpaka kofia nzima inajaa maua ya matundu. Kofia moja huchukua miezi. Mtindo aushonao ni wa nyumba yetu, aliurithi kwa mamake, na wanawake wengine mjini huuheshimu wasiuige. Daktari wa macho, aliyekuwa akija kutoka bara kila baada ya muda, alikuwa amempima na kumkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisema operesheni yenyewe ni ndogo na wengi wanafanyiwa. Alisema pia kwamba akikawia mno mambo yatakuwa magumu zaidi, na hatari yenyewe si ya kungoja, kwa sababu alikwisha kukosa daraja la ngazi ya kwenda darini na kuanguka kwa goti.

Mama alikataa. Wala hakukataa kwa hofu, alikataa kwa hoja. Alituuliza, kipofu hushona kofia? Yeye anashona, na kila anayempa anamsifu. Imamu alimsifu, jirani alimsifu, kaka yangu aliyeshonewa ile ya mwisho aliipokea kwa mikono miwili na kuibusu. Tukitaja hospitali, alitaja kofia. Na sisi sote, ambao tulikuwa tumeiona kofia yenyewe, tulisema mashaallah, mama, mikono yako bado ile ile. Nani angesema vingine? Hata mimi, mwenye ulimi wangu, nilikuwa nimesema hivyo hivyo. Basi tulikuwa tumefungana wenyewe kwa wenyewe, na macho yake yakizidi kuingia ukungu.

Vifaa viliendelea kuja. Spika zilizokoroma, kisha diski ya nje niliyoipa nyota tano, maana haki ya kitu ni haki yake. Mama aliacha kuniuliza nimeandika nini. Kisha ikaja kamera ya kompyuta yenye shingo ndefu ya kupinda, ambayo unaweza kuiinamisha mezani ikaonyesha karatasi au chochote kilicho chini yake, na kitu hicho kikatokea kwenye skrini kikubwa kuliko kilivyo. Binti wa Nairobi aliomba nipige picha ya kitu chenye kazi ndogo ndogo, ili wanunuzi waone inavyokamata uzi na nukta. Nilijaribu noti ya shilingi, nikajaribu kipande cha lesi, vyote vikaonekana vya kawaida. Nilitaka kitu cha Lamu. Nikapanda juu, nikaishusha kofia ya kaka, ambayo huiacha kwetu mpaka Ijumaa, kutoka kwenye kigingi, nikaiweka chini ya kamera.

Nilichokuwa nakifikiria wakati huo ni mwanga tu. Nilivuta pazia, nikasogeza taa, na kiua kimoja kikajaa skrini nzima, kikubwa kama sahani. Uzi wake ulikuwa haukuzunguka. Ulikuwa umerukia upande mmoja na kuacha kitambaa wazi kikifumuka. Kilichofuata kilikuwa kimetobolewa juu ya mwenzake. Mstari uliotakiwa kuizunguka kofia ulikuwa umepanda, ukashuka, ukapotea. Nilikuwa najua ni mbovu. Sikujua ni mbovu kiasi kile, na nilipokuwa nikiitazama moyo uliniuma kwa huruma, kwa sababu niliona kila mahali sindano ilipotafuta njia na kukosa.

Sikumsikia mama akiingia. Alikuwa ameteremka kuona zawadi mpya inafanya nini. Alikuja polepole akishika ukuta, akakaa kwenye kiti cha wateja, akausogeza uso wake mpaka ukakaribia kugusa kioo.

"Kofia hini ya nani?" aliuliza.

Akaendelea kuitazama, na nikaona kwamba kwa ukubwa ule na mwanga ule alikuwa anaona, pengine kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani. Alisema kwa upole kwamba msichana huyu bado anajifunza, apewe uzi mnene kwanza. Alisema asikatishwe tamaa. Aliniambia niisogeze kidogo, nikaisogeza, na hapo likatokea ua la katikati, lile la mtindo wa nyumba yetu ambalo halishoni mwingine.

Aliunyosha mkono chini ya kamera, akaigusa kofia, na kwenye skrini vidole vyake vikatokea vikubwa, vikipapasa yale matundu moja baada ya jingine.

"Wewe uliyaona haya?" akaniuliza.

Nikasema nimeyaona.

"Na nduguyo?"

Nikamwambia ukweli wote, kwa kuwa nilikuwa sina tena pa kukimbilia. Nilimwambia kaka hutoka nyumbani Ijumaa na kofia yake kichwani, akifika kwenye kona ya msikiti huitia mfukoni na kuvaa ya dukani. Nilimwambia imamu naye anayo, ameikunja sandukuni. Nilisema tulikuwa tunamsitiri.

Aliinua uso. Sijui alikuwa ananiona kiasi gani, lakini alinitazama.

"Kibodi ya watu usiowayua uliitia ila, nti nzima ikasoma," alisema. "Mimi mamako ukaninyamazia. Mlichokisitiri ni maradhi, mwanangu. Mimi mumeniata peke yangu."

Nimewahi kuambiwa maneno makali, na mengi nilistahili. Nilitaka kumkumbusha kibodi, jinsi alivyonikasirikia kwa kusema kweli, na nikaona kwamba hoja hiyo ingawa ni nzuri haifai kitu. Nilimshika mkono nikaanza kulia. Akauondoa mkono wake, bila hasira, akanielekeza kwenye skrini.

"Nisomee," alisema. "Kama uwasomeavyo wao. Usipunguze."

Basi nikaanza. Kazi ambayo nilikuwa nikiifanya kwa raha, huku nikitafuna njugu, sasa kila neno lilinitoka kwa taabu. Nilimwambia kiua hiki hakikufungwa. Nilimwambia hapa uzi umekatika ukaungwa na fundo linaloonekana. Hapa umetoboa mara mbili. Hapa mstari umepinda, hapa rangi ya uzi si ile, umechanganya nyeupe ya maziwa na nyeupe ya theluji ya dukani, na ukanda wa pembeni umeshikanishwa na duara la juu kwa mshono wa kwenda upande. Alikuwa akitikisa kichwa kila nilipotaja, kama fundi anayepokea taarifa ya jengo lake. Mara mbili aliniambia nirudie. Mara moja alinipinga, akasema pale palikuwa hivyo hata alipofundishwa, nikaangalia tena, na kweli alikuwa sawa. Nilifika nusu ya kofia nikasema yatosha, mama. Yeye mwenyewe akaigeuza kofia chini ya kamera.

"Na upande hunu?"

Nikaendelea mpaka mwisho. Nilipomaliza aliiweka mikono mapajani. Kisha akaniuliza yule daktari wa bara anakuja lini. Nilipomwambia ni baada ya Idi ya kuchinja, akasema niandikishe jina lake siku hiyo hiyo, kabla hajapanda juu, maana akishapanda atapata hoja nyingine. Nilipiga simu akiwa amekaa pale pale kitini.

Ile picha sikumpelekea binti wa Nairobi. Niliandika kwamba kamera inaonyesha hata kile ambacho mwenye kitu hakukijua, na kwamba anayeinunua ajiandae kwa hilo. Alinijibu kwamba sentensi hiyo ya mwisho hakuielewa, lakini ameiacha.

Kaka alipoambiwa yaliyotokea alinikasirikia siku nzima. Alisema ningeweza kutumia kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile. Ni kweli, ningeweza. Mama alimwita, akamwambia avae kofia ya dukani kuanzia nyumbani, asimtaabishe Mungu kwenye kona, na hapo na yeye akalia, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Jicho la kwanza lilifanyiwa operesheni asubuhi, hospitalini. Usiku ule nililala mkekani kando ya kitanda chake, na siku ya pili nesi alikuja kuondoa bandeji. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mengi. Nilidhani atatazama mikono yake, au ataomba sindano na uzi papo hapo, kwa jinsi alivyo. Nesi alimpangusa kwa pamba, akamwambia afungue taratibu. Mama alifungua, akapepesa, jicho likitoka machozi. Alitazama dirishani, akamtazama nesi, kisha akageuka akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda, kuanzia juu mpaka chini, kama nilivyokuwa nikitazama kila kilichotoka kwenye boksi.

"Umekonda," alisema. "Na nyewele zimeingia mvi. Tangu lini?"

Nikamwambia tangu zamani, mama.