Neno Alilolibeba Balozi

Juzi nilipita Kuze, mtaa niliokulia, nikasikia harufu ya kaimati zikikaangwa, miguu ikasimama yenyewe. Nilikuwa mbele ya nyumba ya bibi yangu. Chini pamekuwa duka la simu, na baraza ya mawe tuliyokuwa tukikalia imevunjwa. Nilisimama pale, ndugu yangu, nisijue nimefuata nini.

Utotoni tulikuwa wawili, mimi na mtoto wa jirani, ambaye baadaye akawa balozi. Bibi alipenda kumtuma yeye. Msimu mmoja wa mvua, mlizamu wa mama wa nyumba ya nyuma, ule mfereji wa kutoa maji ya mvua paani, ulikuwa ukimwaga maji mlangoni petu, bibi akafoka: mwambieni maji yake ayaweke kwake. Tulipofika, mwenzangu akasema kwa adabu kwamba bibi anamsalimu yule mama, anauliza kama goti lake linalomuuma limepoa, na kwamba mvua hii inamtaabisha bibi pia. Mimi nikadakia, "Hakusema hivyo."

Yule mama alicheka. Jioni mlizamu ukageuzwa, na sahani ya viazi vya karai ikaletwa. Bibi aliposikia yote, aliyefinywa sikio ni mimi. Ukimtuma mtu, alisema, usimfuate nyuma.

Mimi niliishia kidato cha nne, nikaajiriwa bandarini. Mwenzangu aliingia wizara ya mambo ya nje, akaanza kwa kupanga mafaili, akamalizia kukabidhi hati zake kwa marais na wafalme. Tukimwuliza kazi ya balozi ni nini hasa, alicheka: "Ni ile ile ya mlizamu."

Miaka ya tisini alistaafu, akarudi Kuze, akawa akikaa barazani na kikoi chake na sweta ya nchi za baridi. Wakati huo mwanangu wa kwanza alikuwa amempenda binti wa mtaani pale, na wazee wa binti walikuwa wazito kukubali. Nikamwomba balozi awe mshenga. Alipeleka posa, akarudi, akaniambia nisubiri. Akaenda tena. Nikimwuliza wamesemaje, hujibu kwamba mazungumzo ni mazuri. Mwanangu hali, halali, nami sikuelewa mazungumzo mazuri gani yasiyo na ndiyo wala la.

Ijumaa moja baada ya swala nikaenda mwenyewe. Baba wa binti alinikaribisha vizuri, kahawa ikaja, halua ikaja. Nilipokwisha kusema akaniuliza taratibu, "Mshenga wako alikuwa hapa jana. Sasa sisi tumsikilize nani, bwana, yeye au wewe?"

Nikaweka kikombe chini, nikaaga. Posa ikakataliwa. Mwanangu alihamia Lamu, akaoa huko, na mpaka leo tukikutana tunazungumzia hali ya hewa.

Balozi hakunilaumu. Alisema tu, "Yakhe, ungeningoja." Nikamwomba aniambie ukweli: walikuwa wamekubali nikaharibu, au walikuwa wamekataa zamani naye akinificha? Alisikiliza vikombe vya muuza kahawa vikigongana uchochoroni. Kisha akaniuliza kama goti langu limepoa.

Sasa yeye hayupo, bibi hayupo, hata baraza haipo. Nimeligeuza swali lile la goti miaka yote hii na bado silielewi. Goti langu lilikuwa zima.