Ukoka Nilioufagia

Siku yangu ya kwanza kazini niliifagia bustani ya serikali mpaka ikaisha.

Sikufanya kwa ubaya. Niliajiriwa kuwa mfagizi katika nyumba ya wageni ya serikali hapa Tabora, na mama yangu alikuwa amenilea kama wasichana wengine wa Chemchem walivyolelewa: jua lisichomoze uwanja haujafagiwa. Kwetu uwanja wenye heshima ni uwanja mtupu, mchanga mweupe wenye alama za ufagio, ambapo nyoka hana pa kujificha na mgeni haoni hata jani moja. Basi nikafika mapema, nikakuta mbele ya nyumba eneo zima limejaa vijiti vikavu, tena vimelala kwa mistari. Nikajiambia, hawa watu kweli hawakuwa na mfagizi. Nikainama na ufagio wangu wa chelewa. Ilipofika saa moja nilikuwa na lundo kando ya ukuta, na moyo wangu umetulia kabisa.

Ndipo akaingia msimamizi wa bustani, mzee mrefu, mpole, ambaye sote tulimwita Bwana Bustani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, hapa palikuwa na nini?"

"Takataka, mzee. Nimezitoa zote."

Akatazama uwanja. Akatazama lundo. Akachukua ndoo, akaigeuza chini juu, akaikalia.

"Hizo takataka," akasema, "nimezipanda siku tatu. Kwa magoti."

Nilijua nimefukuzwa kazi kabla sijaandikwa jina. Nikaanza kulia. Yeye akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Basi. Weka ufagio pale. Njoo upande."

Tulipanda siku tatu nyingine, na ufagio sikuurudia tena. Nikawa mtunza bustani mpaka nilipostaafu. Na katika miaka hiyo yote, niwaambie ukweli ninyi mnaoanza kazi hii, adui wa nyasi changa hakuwa jua wala mchwa. Alikuwa mtu mwema anayetaka kusaidia.

Nianze na ukoka wenyewe, maana wengi mmeukuta umeshaota na mnadhani ulizaliwa hivyo. Sisi hatukuupanda kwa mbegu. Tuliupanda kwa vipando, yaani vipande vya lile shina linalotambaa chini, urefu wa kiganja hivi. Kila kipando kina mafundo matatu au manne. Fundo ni pale shina linapovimba, na mzizi hutokea hapo hapo. Mafundo mawili unayafukia, yanayobaki unayaacha nje. Kisha unalaza ubao juu ya mstari na kuukanyaga, ili udongo ukibane kipando vizuri, pasibaki nafasi ya hewa chini. Wiki ya kwanza majani yote hukauka, yakawa na rangi ya makuti ya zamani. Mtu yeyote mwenye akili timamu na ufagio mkononi ataona ni uchafu. Kwa hiyo yule binti wa siku ya kwanza simlaumu sana.

Mchanga wetu wa Tabora hauweki maji. Unamwagilia, ukigeuka yameshazama. Hivyo mwanzoni unampa mgeni wako, yaani kipando, maji kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwa keni yenye matundu madogo, si kwa mpira unaorusha maji kwa nguvu na kuchimbua kila ulichofukia. Machipukizi yakishatokea, unapunguza siku za kumwagilia lakini kila ukimwagilia unazamisha maji hasa, ili mzizi uyafuate chini. Watu hufanya kinyume. Ukoka ukikauka wanausahau, ukipata kijani wanauogesha kutwa mara nne.

Lakini somo kubwa la Bwana Bustani lilikuwa neno moja: kushika. "Kuota ni mambo ya juu," alikuwa akisema. "Kushika ni mambo ya chini." Ukoka unaweza kuwa kijani kwa majuma na bado haujashika, kwa sababu unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya shina. Kuujua ni rahisi. Unashika jani kwa vidole viwili na kulivuta, kama unavyomvuta mtoto sikio ukiwa hujamkasirikia. Ukija, haujashika. Ukikataa, umeshika, na hapo ndipo unaruhusu mtu kukanyaga na fyekeo kukata ncha. Kabla ya hapo, hata mkubwa wa nchi apite pembeni.

Ni somo dogo. Nimelieleza kwa kila mkubwa niliyefanya kazi chini yake, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa makini, akasema "nimekuelewa kabisa, mama," kisha akafanya lake.

Kule Puge nilipelekwa kwenye shule moja. Mwalimu Mkuu alinipokea vizuri, akawatangazia wanafunzi wote kwamba atakayekanyaga ukoka atamwona. Wanafunzi walitii. Juma la nne akaja jirani mfugaji na ng'ombe wake, wakaingia wakala mpaka wakashiba, yeye akiwa ameegemea fimbo. Nikamkimbilia nikipiga kelele.

"Mwangaluka, mama," akanisalimia taratibu. "Kwani hizi nyasi si za ng'ombe?"

"Si za ng'ombe!"

"Ni za nani?"

Nikawatoa ng'ombe mmoja mmoja. Swali lake ninalo mpaka leo.

Ulyankulu nilikaa kwenye kituo cha afya. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtu muungwana aliyependa bustani kuliko mimi. Nilienda msibani siku nne. Niliporudi nikamkuta amesimama kwenye ngazi anatabasamu.

"Mama, nimeupa chakula."

Alikuwa ameumwagia samadi ya mbuzi, mbichi, bado ina moto. Samadi lazima ioze mpaka iache kunuka, ndipo uitumie. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na mbegu zote alizokula mbuzi zinaota juu ya bustani yako. Tulivuna mabaka ya kahawia, na katikati ya mabaka ndago, yale magugu ambayo ukiyang'oa yanaacha kokwa chini na kurudi wiki inayofuata. Nilipalilia kwa mkono mpaka nikahamishwa. Mganga alikuwa akiniletea chai pale pale kwenye ndago na kuniuliza kama ukoka haujaanza kushukuru.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa chuo kimoja hapa hapa mjini, na hapo ndipo nilipotaka kuacha jina. Nilikuwa nastaafu mwishoni mwa muhula. Mbele ya jengo la utawala palikuwa na kiwanja cha vumbi, na Mkuu wa Chuo alitaka kukitandika pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandika chini.

"Mama, pevingi haihitaji maji," akaniambia.

"Ni kweli, Mkuu. Lakini saa nane mchana hakuna atakayesimama hapo. Itawaka kama kikaango."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, ila mwenye haraka. "Nakupa mpaka siku ya mahafali. Ukoka ukiwa umeshika siku hiyo, unabaki. Usiposhika, mafundi wa pevingi wanaanza Jumatatu yake."

Katika maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimepanda bustani nyingi na kuziacha mikononi mwa watu wengine. Hii nilitaka niione imeshika kwa macho yangu. Mvua za kwanza zikanyesha, nikapanda kiwanja chote, mstari kwa mstari, kwa magoti yangu haya haya mabovu.

Kesho yake asubuhi nikakuta theluthi moja imefagiwa.

Mfagizi wa chuo alikuwa Mama Salma, mwanamke wa makamo, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Mama Salma, mwenzangu, hapa nimepanda."

"Umepanda nini? Mimi naona makapi."

"Ndiyo hayo makapi."

"Sasa Mkuu akipita akakuta makapi, atamwita nani? Mtunza bustani au mfagizi?"

Nikapanda tena, nikazungushia kamba. Kesho yake nikakuta ameanika matambara yake ya kudekia juu ya kamba, na ndani amefagia.

"Mama Salma! Kamba hukuiona?"

"Nimeiona, nikashukuru. Nilidhani umeniwekea mimi."

Nikaweka kibao kilichoandikwa USIKANYAGE MAJANI. Kesho yake kibao kilikuwa kimesimama wima katikati ya mchanga uliofagiwa vizuri, na pembeni yupo Mama Salma, ametulia. "Hakuna majani niliyokanyaga," akasema. "Hayakuwepo."

Mimi si mtu wa ukali. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Na nilipoikalia nikamkumbuka Bwana Bustani, nikaanza kucheka peke yangu, Mama Salma ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamwambia, "Weka ufagio pale. Njoo upande."

"Mimi niliajiriwa kufagia."

"Hata mimi. Njoo."

"Kwa magoti? Mimi magoti yananiuma."

"Yangu yanauma zaidi, nimekuzidi miaka. Njoo."

Alipanda mstari mmoja, akilalamika kutoka kipando cha kwanza mpaka cha mwisho. Baada ya siku tisa nilifika kazini nikamkuta amesimama pembeni ya kiwanja, ufagio begani, anachungulia chini.

"Wangu umeota," akasema. "Wako bado umelala."

Tangu asubuhi hiyo sikuwa na kazi ya kulinda. Mji wetu ulianza na njia za misafara, na mpaka leo kila mtu wa Tabora ana njia yake ya mkato anayoamini alizaliwa nayo. Ya wanachuo ilikatiza katikati ya ukoka wangu kwenda mgahawani. Mama Salma aliifunga. Alikuwa akifagia kwenye kona ile ile kutwa nzima, na yeyote aliyenyanyua mguu juu ya kamba alipigwa ufagio wa vifundoni na kuambiwa, "Samahani mwanangu, sikukuona."

Juma la tano kiwanja kilikuwa kijani chote. Mkuu akatoka ofisini, akasimama kwenye ngazi.

"Safi sana, mama. Jumanne tunaweka maturubai hapa kwa mazoezi ya mahafali."

"Mkuu, haujashika."

"Ni kijani."

"Kijani ni mambo ya juu, Mkuu." Nikainama, nikashika jani kwa vidole viwili, nikavuta. Kikaja kipando kizima, na chini vimizizi viwili vyeupe, vyembamba kama uzi.

"Sasa si umeung'oa mwenyewe!"

"Kwa vidole viwili, Mkuu. Turubai lina nguzo ngapi? Na viti vyote vile vina miguu mingapi?"

Akatazama simu yake. "Maturubai yameshaagizwa," akasema, akaondoka kuelekea gari lake. Alipita juu ya ukoka.

Jumanne kikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa vyuma na maturubai. Mimi nilikuwa nyuma kisimani, nikakimbia niwezavyo. Nilipofika, nguzo zilikuwa bado garini, na mbele ya kirikuu amesimama Mama Salma.

"Mama, tupishe, tumeagizwa na Mkuu," fundi wa maturubai alikuwa akimwomba.

"Hapa nimepanda mimi. Kwa magoti. Mwambie Mkuu mfagizi amekataa."

Fundi akapiga simu, akaweka sauti ya nje ili apate mashahidi. Tukamsikia Mkuu: "Nani amekataa?"

"Mfagizi, Mkuu. Ana ufagio."

Mama Salma akausogeza ufagio mbele yake. Kisha sauti ikasema, "Pelekeni uwanja wa mpira."

Zikabaki wiki tano. Nilizitumia kuzamisha maji na kung'oa ndago.

Siku ya mahafali, kabla wageni hawajafika, Mkuu alikuja akiwa na joho lake. Akainua pindo la joho, akachuchumaa, akashika jani kwa vidole viwili, akavuta. Halikuja. Akashika kwa mkono mzima, jambo ambalo sikumfundisha, akavuta kwa nguvu. Jani likakatika.

"Limekatika," akasema.

"Jani limekatika, Mkuu. Ukoka umebaki."

"Kwa hiyo?"

Nilitaka kujibu, lakini Mama Salma, kutoka kwenye kona yake, aliwahi. "Kwa hiyo umeshika, Mkuu. Na ukiinuka, upite pembeni."

Alipita pembeni. Pevingi aliitandika nyuma, kwenye maegesho ya magari, na huko sina ugomvi nako.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Chemchem. Uwanja wangu ni mchanga mtupu, naufagia kila alfajiri kama mama alivyonifunza, na majirani wananicheka: mtunza bustani asiye na hata jani. Niliwajibu kila mara kwamba nimechoka na ukoka. Lakini mwezi uliopita alikuja Mama Salma na gunia lililoloweshwa maji, limefungwa kamba. Lilikuwa limejaa vipando kutoka kwenye kile kiwanja cha chuo.

"Umekua, tumeupunguza," akasema. "Twende, magoti."

Tukapanda mistari sita karibu na bomba, tukilalamika wote wawili kutoka kipando cha kwanza mpaka cha mwisho. Akanywa chai, akaenda zake.

Wiki ilipita. Vipando vikakauka, vikawa na rangi ya makuti, kama inavyotakiwa. Nikaamka alfajiri moja kama kawaida, nikachukua ufagio, nikaanzia mlangoni kuelekea bombani, mawazo yangu yapo kwenye chai. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu niliposikia ufagio unakokota kitu.

Kando ya ukuta palikuwa na kilundo, kisafi kabisa.

Nikageuza ndoo, nikaikalia. Nilikaa hapo mpaka jua likatoka. Kisha nikajiambia, kwa sauti, na sikujali jirani akinisikia: "Basi, binti. Weka ufagio pale. Njoo upande."